Kompyuta haiwaki: jua kwanza inakwamia wapi

Peleka kompyuta iliyogoma kuwaka kwenye meza ya fundi, iwe Makumbusho au Kariakoo hapa Dar es Salaam, na huenda ukaambiwa "hii inataka Windows mpya" kabla hata waya haujachomekwa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi si kweli, na aliyepigiwa Windows, yaani kufutiwa diski na kuwekewa Windows upya, anarudi nyumbani na mashine ileile yenye RAM (kipande cha kumbukumbu ya muda) iliyolegea, safari hii bila picha za harusi na bila hesabu za duka. Mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea hayo. Windows inakuja karibu na mwisho. Kabla yake kuna mengi unayoweza kuyakagua mwenyewe kwa bisibisi ya nyota, raba nyeupe ya kufutia penseli na subira.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, mambo hutokea kwa foleni. Pawasaplai inapokea umeme wa ukutani na kuushusha kuwa volti 12, 5 na 3.3. Ikiridhika kwamba umetulia, inaipa madabodi (bodi kuu iliyobeba vipande vyote) ishara ya kuanza. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inaamka na kusoma BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya madabodi. BIOS inakagua RAM, kadi ya picha na kibodi, kisha inatafuta diski yenye mfumo na kuiachia kazi. Hapo ndipo Windows inaanza kupakia mafaili yake, na mwishowe unaombwa nywila. Kompyuta isiyotoa hata mlio wa feni haijafika kwenye Windows, kwa hiyo kuipiga Windows ni kupoteza muda. Na ile inayoonyesha nembo ya Windows halafu inaganda imekwishavuka umeme, RAM na kioo, kwa hiyo usikimbilie kununua pawasaplai.

Mtu akinipigia simu, maswali yangu yanafuata foleni hiyohiyo:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Ile kompyuta ya dukani haiwaki."
"Taa ya mbele inawaka?"
"Inawaka."
"Feni unaisikia?"
"Naisikia, tena ina kelele."
"Kwenye kioo kuna nini?"
"Kuna maandishi meupe ya Kiingereza. Ila haiwaki."

Mama huyu hana tatizo la umeme wala la kioo. Akiyapiga picha maandishi hayo na kunitumia kwa WhatsApp, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya kugusa chochote

Piga picha ya kilichopo kwenye kioo, hata kama hukielewi. Uliza nyumbani au ofisini nani aliitumia mwisho na nini kilitokea: umeme ulikatika, chai ilimwagika, mtoto alichomeka kitu, Windows ilikuwa inajisasisha mtu akaizima. Watu huficha habari ya chai. Uliza kwa upole.

Ukitaka kufungua boksi, chomoa waya ukutani, usitegemee swichi peke yake. Pawasaplai yenyewe usiifungue kabisa. Ndani yake kuna kapasita, vimkebe vidogo vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kubaki na chaji ya volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Na kama laptopu imevimba chini au padi ya mausi imenyanyuka, acha kila kitu: betri imevimba. Usiichaji, usiibonyeze, ipeleke ikatolewe.

Kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Kisha ruka ekstensheni na UPS (kisanduku cha betri cha kushikilia umeme unapokatika), chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. UPS za ofisini huchosha watu bure: betri yake ikifa, nyingine hukataa hata kupitisha umeme, na lawama zote zinaiangukia kompyuta. Angalia pia plagi. Zile za pini tatu bapa za Kiingereza zina fyuzi ndani, na fyuzi ikiungua waya unaonekana mzima. Jaribu waya mwingine wa aina ileile, hata ule wa kioo, maana mara nyingi wanafanana.

Nyuma ya kompyuta ya mezani, kando ya mahali waya unapoingia, kwa kawaida kuna swichi yenye alama za I na O. Iwe kwenye I. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo kikae kwenye 230 siku zote. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlipuko mdogo na harufu ya kuungua, na hapo umeshanunua nyingine. Mtumba uliotoka nchi yenye umeme wa volti 110 na ushee, kama Marekani, ukaguliwe kiswichi hicho kabla ya kuchomekwa.

Bado kimya? Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa sekunde 30, kisha rudisha waya ujaribu tena. Hatua hii inamaliza chaji iliyobaki ndani, na mashine nyingi zilizogoma baada ya umeme kukatika huamka hapo. Kwa laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, shikilia kitufe kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake bila betri. Ikiwaka hivyo, huenda tatizo ni betri.

Chaja nazo zina mambo yake. Volti za chaja mbadala lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea zilingane au zizidi, zisipungue. Dell na HP nyingi zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja, ambayo kazi yake ni kuijulisha laptopu hiyo ni chaja gani. Pini ikipinda au chaja ikiwa feki, laptopu inaweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri, na Dell huandika kwamba haiitambui chaja. Laptopu mpya zinazochaji kwa USB-C zina mtego mwingine: kichwa cha chaja ya simu kinaingia vizuri kabisa, lakini laptopu nyingi zinataka volti 20 na wati 45 au 65, na chaja ya kawaida ya simu haifiki huko.

Kwa kompyuta ya mezani kuna kipimo cha pawasaplai ambacho mafundi wanakipenda: unachomoa plagi kubwa ya pini 24, unaunganisha waya wa kijani na mmoja mweusi kwa kipande cha waya, unachomeka umeme uone kama feni inazunguka. Kinafaa kwa pawasaplai za kawaida tu. Dell na HP nyingi za ofisini, hizi tunazoletewa za mtumba, zina plagi zao wenyewe na rangi hazifuati utaratibu huo, kwa hiyo usikisie. Tena feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba pawasaplai ni nzima. Kunathibitisha tu kwamba haijafa kabisa. Jibu la uhakika ni kuazima nyingine nzima ya aina hiyohiyo na kujaribu.

Kitufe chenyewe pia hufa. Kwenye madabodi kuna pini mbili zinazopokea waya wa kitufe, mara nyingi zimeandikwa PWR. Chomoa waya huo, gusisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, umeepuka gharama ya madabodi.

Sasa niseme la umeme wetu, maana ndipo mashine nyingi zinapofia. Kukatika kwa umeme peke yake si kubaya sana kwa vyuma. Hatari zaidi ni unaporudi, ukija kwa kupanda na kushuka huku kila friji na kila feni ya mtaa mzima inavuta kwa pamoja. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani, uache utulie dakika kadhaa baada ya kurudi. Kile kifaa wanachochomekea friji, kinachochelewesha umeme mpaka utulie, kinaifaa kompyuta vilevile. Mahali penye umeme mdogo jioni, tafuta UPS yenye kirekebisha volti ndani. Ile yenye betri peke yake haitakusaidia kwa hilo.

Feni inazunguka, kioo cheusi

Hapa ndipo penye utajiri wa makosa madogo. Kioo cha nje kina umeme wake na kitufe chake. Kina pia menyu ya kuchagua chanzo: kama waya ni HDMI na kioo kinasikiliza VGA, utaona weusi tu. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya kuongezwa ina matundu ya kioo sehemu mbili, na waya unatakiwa kwenye ile ya kadi. Ukiuchomeka kwenye tundu la madabodi, mara nyingi hupati kitu.

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta iko hai nyuma ya weusi huo na tatizo ni la kuonyesha tu. Kwa laptopu, zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu kama kivuli, mwanga wa nyuma wa kioo ndio uliokufa. Chomeka laptopu kwenye televisheni kwa HDMI. Picha ikitokea huko, mafaili yako ni salama na shida ni kioo au utepe wake. Na kama Windows ilikuwa imeshaingia ndipo kioo kikawa cheusi, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huanzisha upya dereva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, wala haifuti kitu.

Caps Lock isipoitikia, sikiliza na hesabu. Mashine isiyoweza kuonyesha kitu huongea kwa milio au kwa taa. HP nyingi hupepesa taa ya Caps Lock au ya kuwashia. Dell nyingi za mezani hupepesa taa ya kitufe kwa rangi ya chungwa. Hesabu mipepeso, andika, kisha tafuta maana yake kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli. Usikubali jedwali la jumla, kwa sababu idadi ileile ina maana tofauti kwenye mashine tofauti.

Halafu RAM. Kama ningelazimika kuchagua hatua moja tu ya mwongozo huu ya kukuachia, ningechagua hii. Chomoa umeme. Kwa laptopu, tenganisha pia betri ya ndani. Gusa bati la boksi ili utoe umeme tuli mwilini. Sukuma klipu za pembeni, kipande cha RAM kitanyanyuka. Kitazame upande wa meno ya rangi ya dhahabu kwenye mwanga: mara nyingi utaona utando wa kijivu au vidoadoa. Sugua meno hayo taratibu kwa raba nyeupe, kwa mstari mmoja kutoka juu kwenda chini, pande zote mbili, mpaka yang'ae. Vumbi la raba lipanguse mbali na tundu lisiingie ndani. Ondoa vumbi la tundu kwa brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Rudisha RAM ukiwa umelinganisha kile kikato chake na tundu, kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie klipu zinabana. Watu wengi hukandamiza upande mmoja tu, kisha wanasema RAM imekufa. Kama una vipande viwili, jaribu kimoja kimoja, na kila kimoja kwenye kila tundu. Hivyo utajua kama mbovu ni kipande au ni tundu.

Jiji letu linachangia hapo. Ukikaa Msasani, Kigamboni au Mbezi Beach, hewa ya chumvi inaingia ndani ya boksi kila siku na kula kila kilichoguswa na unyevu. Mashine iliyozimwa muda mrefu kipindi cha masika inaweza kukataa kuwaka bila kuharibika chochote. Raba inatosha.

RAM ikiwa sawa, toa vyote visivyo vya lazima: printa, flashi, diski ya nje, kadi za kuongeza. Bakiza prosesa, kipande kimoja cha RAM, kibodi na kioo. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja. Na ukiwa humo ndani toa betri ya duara iliyoandikwa CR2032, umeme ukiwa umechomolewa, subiri dakika tano, irudishe. Kwenye mashine nyingi BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kama kuna mtu aliichokonoa vibaya, umefuta kosa lake. Ila kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, soma kwanza habari zake hapo chini.

Maandishi meupe, au nembo inayoganda

Ukiona "No bootable device", "Operating system not found" au maneno ya aina hiyo, BIOS inasema imetafuta diski yenye mfumo na haikuipata. Chomoa flashi zote kwanza. Kwenye duka la steshenari hii peke yake ndiyo sababu ya kila siku: mteja alileta kazi ya kuchapa, flashi ikasahauliwa, asubuhi kompyuta inajaribu kuwakia kwenye flashi.

Kama bado, ingia BIOS. Washa mashine na papo hapo gonga kitufe chake mfululizo: Dell ni F2, HP ni Esc kisha F10, Lenovo nyingi ni F1 au F2, Acer na Asus mara nyingi F2. Tafuta ukurasa unaoorodhesha diski. Kuna majibu mawili, na yanakwenda njia tofauti.

Diski inaonekana: tazama mpangilio wa kuwakia, diski yako iwe ya kwanza. Tazama pia kama mtu amebadilisha UEFI kuwa Legacy (namna mbili za BIOS kuanzisha mfumo), au amegusa mpangilio wa SATA (namna madabodi inavyowasiliana na diski) kutoka RAID kwenda AHCI au kinyume chake. Badiliko hilo la mwisho linaleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE hata kama diski ni nzima. Rudisha kama ilivyokuwa.

Diski haionekani: zima, chomoa, fungua, kandamiza waya za diski pande zote mbili, au badilisha waya wa SATA. SSD (diski zisizozunguka) ndogo za M.2 hulegea skrubu yake; itoe na kuirudisha. Isipoonekana bado, jaribu kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB.

Diski ya kuzunguka inayotoa mlio wa tik tik inakufa. Izime. Usiiwashe tena na tena "kuona kama itakubali", maana kila mzunguko unaweza kukwaruza sahani zenye data. Na ule ushauri wa kuiweka kwenye friza uache hukohuko ulikousikia. Kwa joto na unyevu wa Dar, diski ikitoka kwenye baridi itatoa jasho ndani.

Tarehe nayo ni dalili. Kama kila ukiwasha unaambiwa saa si sahihi, au mashine inarudi miaka ya nyuma, betri ya CR2032 imekwisha. Tarehe ikiwa mbovu, kompyuta itawaka lakini tovuti zenye usalama zitakataa kufunguka, na utadhani bando limeisha. Betri hiyo ni ya volti 3; kipimo kikionyesha chini sana ya hapo, badilisha.

Windows yenyewe

Nembo ya Windows imetokea, vidoti vinazunguka, kisha inaganda, inajiwasha upya au inakuja bluu. Kwanza ipe muda. Baada ya masasisho, mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka inaweza kukaa saa nzima. Kama taa ya diski inapepesa, inafanya kazi.

Kabla ya kwenda mbele, uliza habari ya BitLocker. Laptopu nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua, na ukigusa BIOS au ukiingia kwenye urekebishaji, zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili, ukurasa wa aka.ms/myrecoverykey. Uandike kwenye karatasi leo, mashine ikiwa bado nzima. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa kukufungulia, na anayesema anaweza anataka hela yako.

Kuingia sehemu ya urekebishaji: washa, vidoti vikianza kuzunguka shikilia kitufe mpaka izime. Rudia. Safari ya tatu Windows kwa kawaida itaandika kwamba inaandaa marekebisho. Fuata "Troubleshoot" kisha "Advanced options". Mimi naenda kwa mpangilio huu:

1. "Startup Repair". Haifuti kitu, na husaidia kuliko sifa yake.
2. "Uninstall Updates", kama tatizo lilianza baada ya masasisho.
3. "System Restore", kama kuna siku iliyohifadhiwa kabla ya tatizo. Mafaili yako hayaguswi, programu ulizoweka baadaye zitaondoka.
4. "Startup Settings", "Restart", halafu bonyeza 4 kuingia "Safe Mode", yaani Windows yenye vitu vya lazima tu. Ikiwaka humo, diski na RAM zinaelekea kuwa salama na mkosaji ni dereva au programu. Ondoa ulichoweka mwisho.
5. "Command Prompt", kwa wenye moyo.

Kwenye hiyo ya tano, anza kwa kujua diski ya Windows imepewa herufi gani, maana humo si lazima iwe C. Andika `dir C:\`, `dir D:\` mpaka uone folda ya Windows. Kama ni C, andika `sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows` kukagua mafaili ya mfumo, na `bcdboot C:\Windows` kuandika upya kianzishi. `chkdsk C: /f` ni nzuri kwa mafaili yaliyovurugwa na umeme kukatika, ila usiiendeshe kwenye diski inayokufa kabla hujaokoa data. Inaisukuma kaburini.

Skrini ya bluu haimaanishi kompyuta imeharibika. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege na benki zikiwemo. Dawa kwa nyingi ilikuwa kuingia "Safe Mode" na kufuta faili moja. Aliyekimbilia kupiga Windows siku hiyo alifuta kila kitu kwa sababu ya faili moja.

Okoa data, ndipo upige Windows

Ukishindwa yote hayo, usianze kufuta. Kwenye kompyuta nyingine andaa flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, kwa programu ya Rufus. Ichomeke, fungua menyu ya kuwakia (F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP), chagua flashi, kisha chagua kujaribu bila kusakinisha. Utaona diski yako kama folda. Nakili kwenye diski ya nje: Desktop, Documents, Pictures, Downloads, na data ya programu ya hesabu, ambayo mara nyingi inakaa pengine kabisa. Hakikisha mafaili yanafunguka upande wa pili. Ukubwa wa folda peke yake haukuthibitishii chochote.

Sasa piga Windows. Kumbuka Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane au AMD inayolingana nayo. Mtumba mwingi ulioko mjini ni kizazi cha sita na cha saba. Kuna njia za kuilazimisha, lakini kwa mashine ya kuandikia na kuchapa mimi ningeweka Linux Mint na SSD, nikalala. Kama diski bado ni ya kuzunguka, SSD ndiyo pesa utakayoiona faida yake siku hiyohiyo.

Inawaka, halafu inajizima

Pima muda. Ikizima ndani ya sekunde mbili tatu, fikiria shoti, RAM au pawasaplai. Ikidumu dakika kumi au ishirini ndipo izime, hasa mchana, ni joto. Fungua, toa vumbi kwa brashi na kipuliza hewa, ukiwa nje, ukishikilia feni kwa kidole isizunguke. Futa mafuta makavu ya kupoozea ("thermal paste") juu ya prosesa, weka mapya ya aina hiyo kiasi cha punje ya mchele. Laptopu isikae juu ya godoro, linaziba matundu ya chini.

Ukiwa umefungua, tazama kapasita za madabodi: kichwa chake kiwe bapa. Iliyotuna au iliyovuja maji ya kahawia ndiyo inayozima mashine. Tazama pia wageni. Sisimizi hupenda joto la pawasaplai, na mjusi kafiri aliyekaukia juu ya pini za madabodi ni shoti kamili. Mtoe kwa kibano, safisha kwa spiriti isiyochanganywa na maji, acha ikauke usiku kucha.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Maji ya chumvi, madabodi iliyoungua, diski isiyoonekana popote: hapo peleka. Mwambie ulichokagua na umpe ile picha ya kioo. Kama ubovu hauhusu diski, itoe diski ubaki nayo nyumbani. Fundi wa pawasaplai haihitaji. Piga picha ya namba ya mashine na lebo za RAM mbele yake, bila kununa, useme ni kumbukumbu tu. Bei ya vipuri na bei ya kazi vitajwe mbalimbali, na kifaa kibovu urudishiwe.

Siku ya kuichukua, usiridhike kuikuta imeshawashwa. Mwombe aizime, mpige soga mpaka ipoe, halafu uiwashe mwenyewe kwa mkono wako. Tatizo la RAM iliyolegea au kapasita iliyochoka hujitokeza mashine ikiwa baridi. Ikiwaka, fungua mafaili yako mawili matatu, chomeka flashi, jaribu sauti, ndipo ulipe.